Mfuko wa Kaptura ya Mwamuzi

Jumatatu, kabla sijatia uzi kwenye sindano,
wamekwisha kufika barazani kwangu,
wameketi juu ya magunia ya makaa ya jirani
na mechi ya jana wanaichezesha upya kwa midomo.

"Zihindula hakumpiga," anasema Murhula, "alijikung'uta.
Mtu akikuvuta jezi kama anakudai kodi ya nyumba,
utafanyaje, umwachie na shati?"
"Kiwiko ni kiwiko," anajibu Nabintu wa sambaza,
ambaye mechi aliitazama kwa tundu la ukuta wa Funu
na kwa hiyo, anasema, aliiona kuliko wote:
jicho moja halina wa kubishana naye.

Kadutu moja, Bagira moja, dakika ya themanini na tatu,
matope hadi kwenye soksi, mvua inashuka toka Kahuzi.
Filimbi. Mkono mfukoni. Kadi nyekundu.
Kadutu wakabaki kumi,
kisha wakabaki na mabao mawili wavuni.

Kashosi, aliyewahi kuchezesha shule za msingi
mpaka siku alipokimbizwa hadi Nyawera bila viatu,
anasema sheria iko wazi:
njano kwa hasira, nyekundu kwa nia.
"Na nia unaipimaje? Kwa kilo?"
"Mtoto yule hana adabu tangu tumboni."
"Adabu gani, na beki alimtukania marehemu baba yake?"
"Ulisikia?"
"Niliona mdomo."

Mimi sisemi. Nakanyaga cherehani.
Mapajani nina jezi namba sita,
imechanika mgongoni, toka kola hadi kiunoni,
nyuzi zote zimevutika kwenda chini.
Kitambaa hakijui kushangilia timu.
Na kwenye beseni, jezi ya yule beki wa Bagira;
mama yake aliileta alfajiri, hataki aonekane.
Damu ya pua imekauka kifuani
kama ramani ya kisiwa cha Idjwi.
Nayo haisemi uongo.
Sabuni ninayo moja tu.

Halafu kuna kaptura nyeusi.
Mwalimu Birindwa aliileta mwenyewe, usiku,
kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.
"Mfuko umetoboka, fundi. Ushone tu."
Sikuuliza. Vidole ndivyo vilivyouliza:
kati ya kitambaa na bitana, chini kabisa, kwenye upindo,
kitu kigumu, cha pembe nne.
Nikakata nyuzi tatu.
Kadi ya njano.

Hapo nikamwona: maji usoni, uwanja mzima unamzomea,
vidole vinatafuta, vinatafuta, vinakuta moja tu,
na mkono uliokwisha kuingia mfukoni mbele ya watu
hauwezi kutoka mtupu.
Au sivyo. Labda nyekundu ndiyo aliyoitaka,
na njano imelala humo tangu msimu uliopita.
Tundu haliniambii lilianza lini.

"Fundi, wewe unasemaje?" Murhula ananigeukia.
"Si unawashonea wote?"
Nabintu anaacha kuhesabu sambaza zake.
Nawaonyesha pini nilizouma: mdomo uko kazini.
Wanacheka, wanarudi dakika ya themanini na tatu,
wanapiga filimbi tena, wanamtoa Zihindula tena,
naye, maskini, huenda saa hizi anachota maji huko mtaani
na kila kona kuna hakimu wake.

Kamati itakaa Alhamisi. Mechi tatu, wanasema. Wengine: msimu mzima.
Kaptura inafuatwa Jumatano.
Mfuko nimeushona mara mbili, kwa uzi wa viatu,
na kadi nimeirudisha, juu kabisa,
pale kidole kitakapoigusa kwanza.
Sitamfungia kwenye karatasi.
Nitamwambia: tia mkono, Mwalimu, ujaribu.
Nami nitautazama uso wake, siyo mkono.