Namba Kumi na Saba

Mama anauliza tena, anamenya ndizi karibu na moto:
huo mji ulikuwaje?
Nje Tukuyu inanyesha kama ilivyonyesha jana,
mvua isiyo na haraka, mvua yenye nyumba yake hapa.
Namjibu: kimya.
Kimya cha msiba?
Hapana. Kimya cha watu wenye vya kutosha.

Walitupeleka Japani kujifunza chai ya kijani,
wiki sita za mvuke na madaftari,
na Jumapili moja nikapanda treni peke yangu
hadi pale reli inapochoka, maji yanapoanza.
Bahari nilikuwa sijaiona. Nalijua ziwa, la Matema,
basi nikachutama, nikachovya kidole, nikalamba.
Kweli ni chumvi.
Mzee mmoja na mbwa wake wakatazama pembeni kwa adabu.
Mbwa amevaa koti la mvua, mama.
Koti lenye vifungo.

Anacheka mpaka moshi unamwingia.

Nyumba zimejificha nyuma ya misonobari,
si hii yetu ya kupasua mbao;
kila mmoja umenyolewa kama bwana harusi.
Mwanamke juu ya ngazi, mkasi wake mdogo kama wa kucha,
anakata jani moja, anashuka, anatazama,
anapanda tena.
Nilisimama nusu saa. Alikata sita.
Nikamkumbuka dada Sekela shambani,
kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu,
kilo zisipotimia karani haandiki kitu,
na sikujua, kati ya hao wawili,
nimwonee nani wivu.

Kahawa nilikunywa moja. Bei sitaitaja,
ungeniambia nirudi nikaitapike.
Mhudumu aliweka kikombe kama anayelaza mtoto,
na nilipokoroga, kijiko changu
kikawa ndicho kelele pekee ya mtaa mzima.
Nikaacha kukoroga.
Sukari niliikuta mwishoni, yote pamoja.

Kisha mvua. Hapo ndipo nikajisikia mwenyeji.
Stesheni wana kapu la miavuli ya watu wote,
plastiki unayoona mbingu kupitia kwake,
kila mmoja na namba mpinini.
Chukua, rudisha. Hakuna mlinzi, hakuna sahihi.
Nikatembea ufukweni na wa kumi na saba
nikitazama matone yakinikosa, moja moja,
na mtu niliyepishana naye akainamisha wake
ili wangu upite.

Ikakatika. Nikaukunja. Treni ikaja.
Mkono ulikumbuka kubeba, kichwa kikasahau kuacha.
Nilishtuka niko bwenini, mbali.

Ndiyo huo, mama, ulioning'inia nyuma ya mlango,
huo uliodhani nimenunua.
Subilaga alikwenda nao kliniki, tumbo mbele.
Katekista Ambokile alizika nao watu wawili.
Watoto wa Mwaijande huuazima hata kukiwa kukavu,
wanalala chini yake majanini, wanahesabu mawingu.
Ubavu mmoja umevunjika, umefungwa kwa uzi wa gunia.
Na kila mara, sijui nani, sijui saa ngapi,
unarudi msumarini.

Mama anaacha kisu.
Cha watu hicho, anasema,
kwa sauti ileile ya sahani ya Mama Lugano
iliyokaa kwetu Pasaka mpaka Pasaka.
Utaurudisha.

Japani, mama?

Kwani wao hawalowi?

Moto unapasuka. Ndizi zinaingia chunguni.
Anainuka, anaushusha mwavuli, anaufungua humu humu ndani,
anaugeuza juu chini kama bakuli,
maana chombo cha mtu hakirudi kitupu,
na naona midomo yake inahesabu
parachichi ngapi zitaenea.