Mlango wa Nyuma

Somoe Nang'unda kaileta Landrova
gereji kwangu Nachingwea, nyuma ya ghala la ufuta,
tope la Liwale limekaukia kwenye bawaba.
"Fundi, mlango huu una tumbo. Nitilie mifuko."

Nikafungua kava. Kweli, uwazi mtupu:
kiota cha nyigu, na skrubu moja ya fundi wa zamani.

Wa kwanza, wa spana na plagi.
Wa pili, bendeji, kiberiti, tochi.
Bati nililikata kwenye pipa la oili,
nikalivika sponji ya godoro
vyuma visije vikagongana njiani, vikasema.

"Na wa tatu?"
Akatazama barabara.
"Upana wa kiganja. Usiulize wa nini."

Nikapima kiganja chake kwa kamba.
Komeo nililificha ndani, halina tundu wala ufunguo;
aluminiamu haishiki sumaku, huipitisha tu,
nami nilikuwa na redio iliyokufa, yenye spika mbili.
Sumaku moja nikampa.
Kisha nikaufunga mlango mara saba,
maana mwizi hatazami bati, husikiliza.
Mara ya saba ukalia kama zamani:
pu.

Juzi karudi kulipa deni, anacheka.
Kizuizini Ruangwa askari kaugonga kwa kirungu.
"Mbona mzito?"
"Ni Landrova, afande, si pikipiki."

Nikausindikiza mlango kwa mkono. Umeongeza uzito,
kidogo, kama wa bahasha.

Sumaku ya pili ilikuwa bado mezani, imeshika misumari.
Nikaibandua misumari, mmoja mmoja.
Nikaenda kuitupa chooni.