Wa Nani?

Siku ya kwanza Jurgita alitupanga duara
uani kwa Bi Mwanatumu, Langoni,
akatoa donge la uzi mwekundu:
taja jina, shika uzi, mrushie mwenzio,
mpaka tujuane.

Tukatazamana.
Famau ni binamu yangu. Esha tumenyonya ziwa moja.
Shee namjua hata kwa kikohozi, akipita kichochoroni usiku.
Wa kujulikana pale alikuwa mmoja tu.

Lakini mgeni havunjwi moyo. Tukarusha.
"Naitwa Famau," akasema Famau, kama mtu aliyeshuka jana,
nasi tukaitikia: "Aa! Famau!"

Likamfikia yeye. "Jurgita."
"Wa nani?" akauliza Esha.
Akafungua daftari, akafunua, akafunua.
Swali hilo kwao hawakumfunza.

Miezi tisa.
Alijifunza kukuna nazi bila kujikata,
kusema ng'ombe, ng'ambo, ng'o.
Sisi tulijifunza kwamba saa nne ni saa nne.
Kidogo.

Juzi imekuja barua kutoka Lithuania,
na nyuma ya bahasha, kwa mwandiko wake wa kuinama:
Jurgita wa Mwanatumu.

"Ya mwanao hii," nikamwambia Bi.
"Yupi?" akauliza,
mikono imejaa unga.