Kizibo

Baridi ya Winnipeg imekausha hata mate.
Ukigusa kitasa, cheche. Ukivua sweta, cheche.
Kwa hiyo kwanza nashika bomba la kupashia chumba joto,
nimwage umeme wangu huko,
ndipo nikuguse, diski ya kaka yangu,
nzito kuliko mche wa sabuni,
vumbi la chumba chake bado limeganda kwenye skrubu zako.

Utepe wa waya ni mpana kama ukili.
Ukingoni una mstari mwekundu:
huo uelekee pini ya kwanza, upande wa umeme.
Pini thelathini na tisa, na pengo moja katikati,
kama mwanya wa Kitwana akicheka.
Pengo ndilo linalozuia utepe usichomekwe kichwa chini.
Sikujua mwanya una kazi.

Mgongoni mwa diski pana mchoro.
Kizibo cha plastiki, chuma kidogo ndani yake,
ukikivisha pini hizi mbili, diski ni bwana;
ukikihamishia zile, ni mtumwa.
Mabwana wawili kwenye utepe mmoja, hakiwaki kitu.
Kiwanda kiliandika hivyo, bila haya,
kwa herufi ndogo kuliko chawa.

Bibi ndiye aliyemwita Kitwana.
Wawili walimtangulia, hakuna aliyefika arubaini.
Akasema, huyu tumpe jina la kudharauliwa,
kifo kikichungulia kione hapa hapana bwana,
kiende zake.
Kikaenda. Miaka hamsini na mmoja kikaenda.
Kisha Novemba, kituo cha basi, theluji ya kwanza,
kikarudi kulisoma tena, polepole.

Kibano changu ni cha kunyofolea nyusi.
Kizibo kikaniponyoka. Nikapiga magoti,
nikalipapasa zulia kama aliyepoteza hereni.
Sikutaka kukuweka mtumwa.
Nikajaribu alama ya tatu, ile ya kuuachia utepe uamue:
kioo cheusi.
Utepe wenyewe mzee, hauna uamuzi.

Haya, Kitwana.
Jina liliwahi kukuokoa. Nisamehe.
Nimekuweka pale.

Ukaguna. Ukazunguka,
mlio wa mtu anayekwangua ukoko sufuriani.
Kompyuta ikahesabu: bwana yupo.
Ikanyamaza kidogo.
Na mwingine yupo.

Nilitegemea picha. Barua, labda.
Nikakuta jedwali la madeni.
Olek wa gereji, dola kumi na tano.
Mama Nasrin, ghorofa ya tatu, mchele kilo nane, kalipa nusu.
Na mstari wa mwisho, kwa jina la utotoni
ambalo hakuna tena wa kuniita:
Chiku, buti za theluji, dola arobaini.
Pembeni, kwenye safu ya tarehe ya kulipa,
ameandika: *asiulizwe.*

Nimezivaa sasa hivi.
La kushoto linavuja.