Kopo la Robo

Nauza mafuta ya taa Uyole, njia panda,
pale malori ya Tunduma yanapopumua breki.
Pipa moja la bluu, mrija, na kopo la robo
lililobonyea ubavu; wateja wananijua,
ule ubonyevu naufidia kwa tone.
Mikono yangu inanuka hivi tangu darasa la saba.
Hata ugali wako, asema mume wangu, una utambi.

Nina kaka wawili, na wote wawili
wanaishi kwenye nchi zinazoelea juu ya kitu hiki.

Lugano yuko Norwei. Anaogesha wazee
katika nyumba ambayo kila dirisha lina vioo vitatu.
Desemba, asema, jua linachungulia saa tatu na ushei,
na kabla ya saa kumi limekwenda zake
kama mgeni aliyeona chai haiinjikwi.
Fedha ya mafuta huko haimwagwi yote mezani;
nyingi imefungwa kibindoni
kwa watoto ambao mama zao hawajazaliwa.
Mama akaguna: Na hao wazee unaowaogesha,
watoto wao waliokwisha kuzaliwa wako wapi?
Kazini, Mama. Wengine huja Jumapili.
Wengine hawaji, ila pensheni haikosi.

Ambakisye yuko Luanda. Anaendesha lori,
si la mafuta. La maji.
Meli zinajaza mafuta kule baharini,
yeye anapanda mitaa ya vumbi jekundu
akijaza ndoo za watu kwa fedha taslimu.
Mjini kuna ghorofa za vioo, kodi ya mwezi mmoja
ingenunua shamba letu la Igawilo,
na ng'ombe, na ule ugomvi wa mpaka juu yake.
Lakini Jumamosi, asema, mtaa mzima unacheza,
na alipolala na malaria, wanawake watatu
ambao hata lugha yao hajaimudu
walipokezana kumkorogea uji.

Lugano naye aliugua. Daktari alimpigia simu
kwa dakika ileile aliyoahidi.
Siku nne hakuna aliyebisha hodi.

Pasaka tuliwaunganisha kwenye simu moja.
Amani yenu ni ya friji, alisema Ambakisye.
Na ngoma yenu ni ya tumbo tupu, alijibu Lugano.
Kisha Ambakisye, kwa sauti ya chini:
Wenzako walikuwa wameshaketi kula
ndipo wakaletewa mchuzi.
Hawa wangu waliletewa mafuta na vita
kwenye sahani moja. Usiwapime kwa kijiko kimoja.
Lugano hakujibu. Tulisikia tu maji,
sijui ni ya bomba lake au ya lori la mwenzake.

Bomba. Hata sisi tunalo.
Linapita chini ya viazi vyetu, kimya,
kutoka Dar kwenda Zambia,
na halijawahi kusimama kutusalimu.
Jina lake Tazama. Basi, tunatazama.
Tulipokuwa wadogo tulilala kifudifudi,
masikio udongoni, baridi ya Julai ikitung'ata.
Nimeyasikia, alisema Lugano, yanakwenda!
Mwongo, alisema Ambakisye, hayo ni mawazo yako.
Mimi nilisikia tumbo langu.

Jioni hii umeme umekatika, biashara ni nzuri.
Mama Tumpale ameleta chupa ya soda
na sarafu ya mia mbili, yenye joto la kiganja.
Namimina polepole, naongeza tone la ubonyevu,
nafuta shingo ya chupa kwa kitambaa.

Nyumbani Mama anazishika zile picha mbili,
moja ina theluji, moja ina jua kali,
anazisogeza karibu na koroboi, anarudi nyuma.
Hajauliza nchi ipi ni tajiri.
Anauliza nani kati yao amekonda,
na picha zote mbili zimeishia mabegani,
na wote wamevaa makoti ya kuazima.