Nyota, Nukta

Stima ilikatika mara tatu usiku mmoja Makadara,
diski ya studio ya Basharahil ikazimia.
Ilipozinduka ilikuwa na faili elfu nne mia mbili na kumi na sita,
zote zikijiita FILE, zote na nambari,
zote na ubini mmoja: chk,
kama watu waliosajiliwa na karani
mwenye haraka ya kwenda kula.

Bi Khulthum, mjane wa studio, yuko nyuma yangu
na kipepeo chake cha ukindu.
Alishajaribu mwenyewe, moja moja,
futa, andika, kubali lile onyo la manjano,
tangu Ijumaa. Akafika sitini na nane.
Kidole kikafura.

Nafungua dirisha jeusi. Halina picha wala kitufe,
lina kistari tu kinachopepesa
kama paka mlangoni mwa bucha.
Nimeshanakili zote kando, maana amri hii haiulizi
kama una hakika.

ren *.chk *.jpg

"Hiyo nyota ya nini?"
Hiyo, Bi, ni yeyote yule. Asimame popote, aitwe vyovyote.
"Sisi tuliangaliwa nyota, wakasema haziendani."
Ajipepea.
"Miaka thelathini na mmoja."

Nagonga.
Hakuna kilichotokea. Kistari kimerudi, chapepesa.
Kisha folda ikaanza kuchanua:
piko, kisutu, jino la dhahabu,
bwana harusi aliyefumba macho
picha kumi na moja mfululizo.
Bi Khulthum awataja. Huyu yuko Doha. Huyu kaachika,
karudiwa. Huyu simjui,
lakini kiti ni chetu.

Tatu zilikataa.
Ubini haubadili damu:
mwite jpg asiyekuwa picha, hatokuitika.
Nikaichungulia ya mia tisa na kumi na saba,
nikakuta maandishi. Daftari la madeni.
Swabrina wa Kuze, kamaliza.
Lali Mbarak, elfu mbili bado.
Na chini kabisa jina la baba yangu,
mwaka mmoja kabla sijazaliwa:
albamu ndogo, mia sita. Bado.

Kipepeo kikasita.

Nikaandika tena, safari hii bila nyota,

ren FILE0917.jpg madeni.txt

halafu nikatia mkono mfukoni.