Upande wa Kushoto

Lorraine aliishusha garini ameikumbatia
kama mtu ampelekaye mbwa mgonjwa kwa daktari:
amplifaya ya baba yake, kilo kumi na nne
za chuma na ubao wa msaji.
"Upande mmoja umekufa," alisema,
"na baba hakuwahi kulalamika."
Akaondoka, na mvua ya Huddersfield nyuma yake.

Mchana natengeneza pampu za dawa hospitalini,
mashine zinazolia zenyewe zikiumwa
na kuandika kiooni: kosa namba saba.
Hii haisemi. Ina taa moja ya manjano
na kimya.

Nikaanza na yale yanayoanzwa nayo.
Spika ya huku kule, ya kule huku:
kimya hakikuhama.
Nikaunga globu kwenye njia ya umeme;
ikawaka kwa ghadhabu, ikafifia, ikatulia,
maana yake ndani hakuna kinachoungua,
au kiliungua zamani, kikazoea.

Skrubu nane. Saba; moja haikuwapo.
Chini ya kifuniko, vumbi laini la kijivu
na nyuzi za sufu, za kiwandani nadhani,
zilizomfuata Bwana Haigh nyumbani katika mikono ya koti
miaka yote aliyosimama kati ya mitambo ya kufumia.
Nikapuliza. Nikapiga chafya mara tano.

Usiku wa kwanza, kapasita mbili zimevimba vichwa
kama maandazi yaliyozidi hamira. Nikazing'oa.
Usiku wa pili, kiungo kimepasuka,
ufa mwembamba kuliko unywele;
nikakigusa kwa pasi ya kulehemu,
risasi ikang'aa, ikatiririka, ikalala.
Nikawasha.
Kulia, tarumbeta za bendi nzima.
Kushoto, ukuta.

Ukuta ninaoujua. Miaka sita
Jumapili zote bendi ile ilipigwa upande wa pili wa mawe haya
kwa sauti iliyopita adabu,
nami mara mbili niligonga.
Mara mbili alipunguza.
Tulipokutana kwenye mapipa ya taka
tuliongea habari za baridi.

Usiku wa tatu, kidole.
Unagusa njia ya sauti, kituo kwa kituo,
kutoka nyuma kuja mbele,
na mwili wako mwenyewe unavuma ndani ya spika.
Hapa navuma. Hapa navuma.
Hapa, kabla ya mizani, sipo.

Mizani! Kile kifundo kidogo cha katikati,
alama yake nyeupe imesimama saa sita kamili
kama shahidi aliyeapa.
Nikakishika, kikazunguka bure.
Skrubu yake imelegea; fimbo iliyo chini yake
imelala kulia, kulia kabisa, hadi ukomo wake.
Kikulacho ki nguoni mwako,
nami siku tatu nakitafuta kwa multimita.

Nikampigia Lorraine.
"Sikio la kushoto," alisema, "mitambo ililichukua
kabla mimi sijazaliwa. Hukujua?"
Sikujua. Nilijua siku yake ya kutoa taka.

Basi aliisukuma bendi yote, hadi ngoma ya mwisho,
upande uliombakia.
Nani aliyekirudisha kifundo kikasimama wima, sijui:
labda fundi mwenye haraka,
labda yeye, asiulizwe na wageni.

Nimekaza skrubu. Nimeweka mizani katikati.
Kushoto pamefunguka, na katika santuri aliyoiacha Lorraine
kuna mpiga filimbi upande huo
ambaye Bwana Haigh, nadhani, hakuwahi kukutana naye.
Mvumo mdogo bado upo, wa chini, wa umeme wenyewe.
Huo nimeuacha.

Saa nne usiku, kabla ya kufunga kifuniko,
nimelala fimbo tena kulia, nisikie alivyosikia,
nikaongeza sauti, nikaongeza,
mpaka mpangaji mpya akagonga ukuta.

Nikapunguza. Kidogo.